Mashini ni yetu, lakini kode iko kwa mtu aliye mbali

Siku ya soko iliyopita mama mmoja aliingia kwenye ofisi yetu ya redio na mfuko wa unga mkononi. Ndani ya mfuko hamkuwa unga. Mlikuwa ordinatere ndogo nyeusi, imefungwa ndani ya kikwembe, na shaja yake iliyokatika na kuunganishwa kwa skochi. Mama huyu ni mjumbe wa komite ya wakimbizi wa ndani, wale tunaowaita wahami, wanaolala ndani ya madarasa ya shule moja huku kwetu Masisi.

"Mwanangu mwandishi," akaniambia, "hii mashini imekatala. Tumeijaribu tangu siku ya Yenga mpaka vidole vimechoka."

Nikamuuliza kuna nini ndani. Akasema: orodha. Na hapo nikaelewa kwa nini aliibeba ndani ya mfuko wa unga. Orodha ile ina majina ya wakubwa wa familia, kijiji ambako kila mmoja alitoka, hesabu ya watoto, nani ana mimba, nani alipoteza karti ya uchaguzi njiani, binti gani alipelekwa kwa daktari na kwa sababu gani. Siku mbili zilizokuwa zinakuja, watu wa msaada walikuwa wafike kuhakikisha majina. Bila orodha wangeanza upya, na yule aliyeenda kulima shamba la watu siku hiyo angekosa jina lake, na miezi ifuatayo angekosa mafuta, maharagwe na sabuni. Kila mtu aliyewahi kuishi kwenye kambi anajua jambo hilo. Ukikosa siku ya kuandikwa, unakosa hadi watakapoandika tena, na hakuna anayejua lini.

Sekretere wa komite, mwalimu kijana, ndiye aliyekuwa anaandika. Alikuwa ameshuka upande wa Walikale kupitia Nyabiondo kutafuta wazazi wake, na fasi alipokuwa hakuna rezo. Lakini alikuwa mtu wa akili: kabla ya kuondoka aliacha kode PIN kwenye kipande cha daftari. Namba 6. Mama alikuwa nacho mkononi.

Kwenye kioo kulikuwa na maandishi ya Kifaransa ambayo yeye na wenzake hawakuyaelewa vizuri. Yalisema kwamba njia hii ya kuingia imefungwa kwa sababu ya kukosea mara nyingi au kwa sababu mashini imezimwa-zimwa, kwa hiyo utumie njia nyingine, ama uiache mashini ikiwaka kwa masaa mawili ndipo ujaribu tena.

Nisimame hapa kidogo, maana maandishi hayo yameletwa kwangu mara nyingi, na karibu kila mtu anadhani maana yake ni kwamba mashini imekufa. Haijafa. Ndani ya ordinatere nyingi za siku hizi mna chipu ndogo inayoitwa TPM. Hiyo ndiyo inayolinda kode PIN ya Windows. Haitangazi kode yako kwa mtu, inahesabu tu. Kila ukikosea inaandika kosa. Na kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi: hata mashini ikizimika ghafla, yaani umeme ukikatika na batri haina nguvu, chipu inaweza kuliona hilo kama jaribio la mwizi, nalo linahesabiwa. Windows imeipanga chipu ya aina ya TPM 2.0 ijifunge baada ya makosa 32, halafu isahau kosa moja kila dakika 10. Lakini ili isahau, mashini lazima iwe inawaka.

Sasa fikiria ordinatere ya kambi. Batri ilikufa zamani. Inawaka tu ikiwa kwenye waya. Waya ukiguswa na mtoto, inazima. Jenereta ya jirani ikiishiwa mafuta, inazima. Wingu likifunika pano ya jua, inazima. Mama na wenzake wanajaribu kode, haikubali, wanajaribu tena, inazima, wanaiwasha, wanajaribu. Waliotengeneza mashini walifikiria mwizi wa mji mkubwa. Hawakufikiria Masisi wakati wa mvua.

Na ile dawa ya masaa mawili! Kwa mtu wa Ulaya, masaa mawili ya umeme ni kuiacha mashini mezani na kwenda kula. Kwetu ni kumlipa mtu. Mama alikuwa ameuliza bei kwa kijana anayeshajisha simu sokoni, akaambiwa ordinatere inakula umeme wa simu nyingi. Halafu fundi wa pembeni akamwambia asijisumbue, alete dola 10, ataiformati na itakuwa mpya.

Kuformati maana yake ni kufuta. Mashini ingekuwa mpya kweli, na orodha ingekwenda. Mama hakujua hivyo. Alidhani kuformati ni kama kubadilisha kufuli la mlango, vitu vya nyumba vinabaki. Kilichomrudisha nyuma ni kwamba hakuwa na dola 10. Umaskini uliokoa orodha, na mimi sitaki tuendelee kuokolewa na umaskini.

Tuliiweka kwenye umeme wa redio saa nne asubuhi, tukaziba waya kwa kiti ili mtu asiupige teke, tukaiacha. Hatukugusa kitu. Karibu na saa saba ile sehemu ya kuandika kode ikarudi. Mama akanipa karatasi. Nikaiangalia sana kabla ya kugusa namba. Kulikuwa na namba mbili zenye mkia. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaandika 1 yenye mkono mrefu unaoshuka mbele, na mtu mwenye haraka anaifanya ifanane na 7. Lakini 7 yetu tunaikata katikati. Kwenye karatasi ile moja ilikuwa imekatwa na nyingine haikukatwa. Wao walikuwa wakiandika 7 mara mbili. Nikaandika 1 kwa ile isiyokatwa. Ikafunguka.

Mama hakupiga makofi wala nini. Aliketi chini, akasema, "Yani ni mkia tu?"

Ni mkia tu. Sasa nataka kusema ninachofikiri, kwa sababu kufunguka kwa mashini ile kulikuwa bahati, na mimi mwenyewe nimeona nyingine ambazo hazikufunguka.

Tangu vita ilipofika Masisi-centre mwezi wa kwanza 2025 na Walikale-centre mwezi wa tatu mwaka huo, watu wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena. Wale wanaojua kode ndio wanaokuwa wa kwanza kutafutiwa njia ya kuondoka: sekretere, mwalimu, muuguzi mkuu, agenti wa shirika. Mashini inabaki kwa mama wa komite, kwa mlinzi, kwa mtoto wa mwenye nyumba. Mtu anayebaki ndiye asiyejua kode. Na tunapomwona amekwama tunasema hajasoma. Siyo kweli. Hajaambiwa.

Kosa kubwa zaidi linafanyika siku mashini inapotolewa zawadi. Nimehudhuria sherehe kama hizo, nikapiga picha, nikaripoti. Agenti anafungua boksi, anawasha mashini, Windows inamwomba konti ya intaneti, naye kwa haraka anaweka imeli yake na namba yake ya simu. Anaweka kode PIN rahisi, anawaambia komite kode hiyo, wanapiga makofi. Kila mtu anafikiri kazi imekwisha. Kumbe waliyopewa ni kode tu. Konti yenyewe, ile yenye uwezo wa kutengeneza kode nyingine, imebaki kwa agenti.

Kode PIN na neno la siri la konti ni vitu viwili. Hapa ndipo watu wengi wanapotea, hata waliosoma. Kode PIN ni ya ile mashini peke yake. Ukienda na kode hiyo kwenye mashini nyingine haina maana. Neno la siri ni la konti, linakubaliwa popote penye intaneti. Ukisahau kode, chini ya sehemu ya kuiandika kuna maneno madogo ya kusema umeisahau. Ukibonyeza hapo, mashini inataka intaneti, kisha inataka neno la siri la konti, na mara nyingi inatuma namba nyingine kwenye simu au imeli iliyoandikwa siku ile ya sherehe. Kama simu ile ni ya mtu ambaye mkataba wake uliisha na amerudi kwao, namba inaenda kulia ndani ya mfuko wake huko aliko, na wewe uko Nyabiondo unaangalia kioo. Na kama mwenyewe amepoteza simu pamoja na njia nyingine zote alizoandikisha, Microsoft inamngojesha siku 30 kabla ya kukubali namba mpya. Siku 30, wakati watu wa kuhakikisha majina wanakuja kesho kutwa.

Upande wa Walikale nilisikia jambo hilo kwa masikio yangu kwa muuguzi mmoja. Mashini ya kituo ilifungwa hivyo. Aliyeiweka konti hakupatikana. Walingoja, wakachoka, wakaiformati. Madaftari ya karatasi yalikuwa yamelowa wakati wa kukimbia, na ndani ya mashini ndimo walimokuwa wamenakili majina ya watoto waliochanjwa. Muuguzi hakulaumu mtu. Aliniambia tu kwamba walianza tena kuuliza akina mama, na mama aliyekimbia mara tatu hakumbuki tena sindano ya mwezi gani.

Basi ombi langu la kwanza ni kwa mashirika, na ninalisema bila kuzunguka. Mkitoa ordinatere, toeni na konti. Fungueni konti kwa jina la komite au la kituo, siyo la agenti. Namba ya simu iwe ya mtu anayebaki, na ya pili iwe ya mtu mwingine anayeishi nyumba nyingine. Ama, kwa sehemu ambazo rezo inapanda mlimani na kushuka, wekeni konti ya ndani ya mashini, ile isiyohitaji intaneti. Windows ya sasa inaificha njia hiyo, inakusukuma kwenye konti yao, lakini fundi anayejua kazi anaweza kuiweka, na ina maswali matatu ya kujibu siku utakaposahau neno la siri. Majibu ya maswali hayo yasiwe mambo yanayojulikana na kijiji kizima. Jina la shule ya kwanza, kwa kijiji chenye shule moja, siyo siri.

Na msisahau kufungua ile njia ya neno la siri. Kuna mahali kwenye mipangilio, kwenye chaguo za kuingia, ambapo Windows imewekwa ikubali tu kode PIN, kidole au uso. Ikiwekwa hivyo, njia ya neno la siri haionekani kabisa kwenye mlango. Watu wanaambiwa watumie njia nyingine na njia nyingine haipo. Mtu aizime hiyo siku ya kwanza.

Hata sisi redio tusijifanye watakatifu. Mashini yetu ya kuunganisha sauti ilifungwa fundi wetu alipoondoka. Konti ilikuwa ya imeli yake mwenyewe, sisi sote tulijua kode PIN tu, na baada ya Windows kujisasisha ikasema kode haipatikani tena, tuiweke upya. Kuiweka upya kulihitaji neno la siri. Siku kadhaa tulisoma habari moja kwa moja bila kuunganisha kitu, mkatusikia tukikohoa hewani. Mwisho tulimpata kwa simu, namba ikatumwa kwake, akatusomea. Tulishukuru, halafu tukaona aibu, kwa sababu kila wiki tunatangaza hewani kwamba msimsomee mtu namba iliyokuja kwenye simu yenu. Sisi tulijua sauti yake. Lakini mwizi naye anajua kuigiza sauti.

Hilo linanileta kwa jambo la pesa. Tangu benki za Goma zifungwe mwanzoni mwa 2025, simu ndiyo imekuwa benki ya kila mtu, Airtel Money, Orange Money, M-Pesa. Mtu ana kode moja kichwani, basi anaitumia kila mahali: pesa, simu, ordinatere. Namwelewa. Lakini siku unapompa fundi ordinatere na kumnong'oneza kode, umempa na pochi. Kode ya mashini iwe tofauti na ya pesa, hata kama ni kwa namba mbili. Na fundi akimaliza kazi, ibadilishe mbele yake, hataudhika kama ni fundi wa kweli.

Najua kuna wanaosema: kama kode inaleta shida hivi, tuitoe. Rafiki yangu mmoja, mwanahabari kama mimi, anatetea hivyo kwa nguvu. Anasema mashini ya kambi ni ya watu wote, iachwe wazi kama kisima. Ninaelewa hasira yake, ila kwa hili ninamkatalia. Orodha ile ndani ya mfuko wa unga inasema nani alitoka kijiji gani. Katika wilaya zetu, sote tunajua kijiji ulikotoka kinaweza kusomwaje na mtu mwenye silaha. Inasema binti gani alienda kwa daktari na kwa sababu gani. Ikiangukia mikononi mwa mtu mbaya, au hata mikononi mwa jirani mwenye mdomo, binti huyo hana tena mahali pa kujificha. Mimi naona afadhali orodha ipotee kuliko isomwe hivyo. Lakini ninakataa kwamba lazima tuchague kimoja.

Tena nisiwadanganye kuhusu nguvu ya kode. Kama diski ya mashini haijafungwa kwa siri yake yenyewe, kode PIN ni kufuli kwenye mlango wa nyumba ya shitingi. Mlango haufunguki, lakini mtu anapasua ukuta: anatoa diski, anaichomeka kwenye mashini nyingine, anasoma kila kitu. Kwa mwenye kusahau kode hiyo ni habari nzuri, maana kabla ya kuformati fundi anaweza kuokoa mafaili kwa njia hiyo. Mwulizeni kwanza: unaweza kutoa mafaili bila kufuta? Akisema haiwezekani bila hata kufungua mashini, mpelekeeni mwingine. Kwa mwenye siri ni habari mbaya. Mashini mpya nyingi zinafunga diski zenyewe, na hapo hata fundi hodari hawezi kitu bila ufunguo mrefu wa namba 48. Ufunguo huo kwa kawaida unahifadhiwa wapi? Kwenye konti. Konti ya nani? Tumerudi kwa agenti.

Mnaona kwa nini nasema tatizo siyo vidole vya mama.

Kuna na mambo madogo, nayapitia haraka kwa sababu yamenifikisha kwenye nyumba nyingi bure. Mashini zinazokuja kupitia Kampala au Dubai zina vitufe vya Kiingereza, na Windows imewekwa Kifaransa. Ukibonyeza A inaandika Q, ukibonyeza Z inaandika W, na namba za juu zinatoa alama mpaka ushikilie kitufe cha herufi kubwa. Ukiandika neno la siri, bonyeza kile kijicho kidogo pembeni uone unachoandika. Namba za upande wa kulia hazitoi kitu kama kitufe cha Verr Num au Num Lock hakijawashwa. Na ukikosea mara kadhaa, Windows inakuomba uandike A1B2C3 kabla ya kujaribu tena. Hiyo siyo kode yako na siyo virusi, inataka tu kujua kama ni mtu anayebonyeza kwa kufikiri au ni kitu kimelalia vitufe. Iandike, kisha usijaribu kubahatisha. Simama, tafuta karatasi, tafuta mtu.

Jambo moja zaidi kwa wenye ndugu mjini. Mtu aliye Goma anaweza kubadilisha neno la siri la konti kwa simu yake. Lakini mashini iliyo kijijini bila intaneti haijui habari hiyo, itaendelea kukubali neno la zamani mpaka siku itakapopata rezo. Nimewaona wakigombana kwa simu, huyu anasema amebadilisha, yule anasema haikubali, na wote wawili walikuwa wanasema ukweli.

Sasa karatasi. Watu wa mjini watacheka kwamba siri haiandikwi kwenye karatasi. Waje wakimbie usiku na watoto wanne ndipo watuambie wanakumbuka namba ngapi. Huku kwetu siri iandikwe, tena mara mbili, ila isitembee na mashini. Karatasi ndani ya mfuko wa ordinatere ni sawa na ufunguo juu ya kufuli. Akina mama wetu wanajua kushona noti ndani ya upindo wa kikwembe. Wanajua zaidi ya mafundi wote jinsi ya kubeba kitu kidogo chenye thamani. Namba ziandikwe na kwa maneno pia, moja, saba, ili mkia usituue tena. Mama mmoja abebe kode, mwingine abebe neno la siri la konti, wasilale chumba kimoja. Na orodha yenyewe ichapwe kila mwezi pale penye mashini ya kuchapa, ifungwe ndani ya nailoni, iwekwe kwa mtu ambaye komite nzima inamwamini.

Siyo kila komite itakubali. Kwenye komite nyingine kode imekuwa cheo. Anayeijua ndiye anayeweza kuongeza jina la shemeji yake kwenye orodha, na hatapenda mama wawili waijue pia. Nimeambiwa hivyo usoni: "Mwandishi, wewe unataka kutuletea vita." Sitaki vita. Lakini kama sababu ya kuficha kode ni shemeji, basi watu wa kambi wana haki ya kuuliza, na wanaotoa mashini wana haki ya kuuliza kabla yao.

Mama wa mfuko wa unga alirudi siku iliyofuata na wenzake wawili, mmoja wao hajui kusoma. Nilidhani amekuja kusindikiza. Kumbe ndiye waliyemchagua kubeba moja ya karatasi. Sababu yao: hawezi kuisoma, kwa hiyo hawezi kuitumia peke yake, na hakuna mtu atakayefikiri kumpekua. Sikuwa nimewaza hivyo. Sekretere alipopata rezo aliwaita, wakamweleza, akabadilisha kode akiwa mbali kwa kuwaelekeza hatua kwa hatua, nao wakaandika mpya mara mbili. Mimi nilitoka nje wakati wanaandika.

Umeme wetu unawaka kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane, isipokuwa siku ya Yenga. Mwenye mashini iliyokatala ailete pamoja na shaja yake. Kode msiniambie.